Kompyuta yanizimikia kila nikikaribia kutua Manda, naomba ushauri kabla sijaiuza

NahodhaManda (Lamu)

Assalamu alaykum nduu zangu. Mimi kazi yangu ni boti. Navusha abiria wa ndege kati ya Manda na mji wa Lamu, na miaka yote hii ya kubeba mabegi ya watu sijapanda ndege hata siku moja. Mwaka jana nikajinunulia kompyuta ya mtumba, ile ndogo ya maofisini: prosesa Core i5, RAM gigabaiti 16, diski ya SSD, na kadi ya picha fupi ya GTX 1050 Ti. Nikaweka X-Plane 11, ile gemu ya kurusha ndege. Tangu hapo kila usiku baada ya isha mimi ni rubani wa Cessna 172, na mke wangu ashazoea.

Safari yangu ni moja tu. Naruka Malindi (HKML kwa alama za viwanja vya ndege), naufuata ufuo. Navuka mdomo wa Sabaki, napita Mambrui, Ngomeni, nakata ghuba ya Ungwana mpaka Kipini pale Tana inapoingia baharini, halafu Manda, HKLU. Ni maili za baharini 75 hivi, dakika 40 na ushei kwa Cessna.

Sasa tatizo. Mwanzo picha laini, fremu 35 kwa sekunde. Nikifika Ngomeni zaanza kushuka: 25, 18, 11. Kipini feni yavuma kama injini ya boti yenye kokoto ndani. Nishaanza kuteremka, naiona Manda kwa mato yangu, nimeshusha flepu za kwanza, mara pu! Giza. Hakuna ujumbe, hakuna skrini ya buluu. Nikiiwasha pale pale yazima tena. Nikienda kunywa kahawa nikirudi yawaka kana kwamba haikufanya kitu. Mara tano sasa. Sijatua Manda hata mara moja!

Na jambo jingine la ajabu: safari hiyo ya dakika 40 yanichukua karibu saa nzima kwa saa ya ukutani. Fundi mmoja hapa asema kadi ya picha imekufa, ninunue nyingine. Jirani asema niuze yote. Nyinyi mwasemaje?

Kipepeo254

Piga Windows upya, mambo kwisha.

NahodhaManda

Nishapiga mara mbili kakangu. Yazimika vile vile, tena sasa na mafaili yangu sinayo.

Mtu_wa_Shela

Achana na hiyo X-Plane ya kizamani. Hamia Microsoft Flight Simulator, utaiona Lamu ilivyo, mpaka vilima vya mchanga vya Shela. Hiyo yako si ina nyumba za vigae za Kizungu katikati ya minazi?

NahodhaManda

Hilo la vigae ni kweli, lanichekesha kila siku.

BintiMambrui

Mtu wa Shela, usimtie mwenzio hasarani. Ile ya 2020 pekee yake ilitaka nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski, na picha za ardhi inazivuta kwa intaneti huku unaruka. Kwa bando la simu atauza boti kabla hajafika Kipini. Na kompyuta inayozimika kwa gemu nyepesi itazimika mapema zaidi kwa gemu nzito.

FundiMaweni (Malindi)

Nahodha, usinunue kitu, usiuze kitu. Kwanza nijibu mawili. Weka HWMonitor, programu ya kupima joto, ni ya bure, uiache wazi huku unaruka, halafu uniambie prosesa imefika digrii ngapi ulipokuwa Ngomeni. La pili: hiyo kompyuta umeiweka wapi? Simaanishi chumba gani. Nyuma yake kuna nini, juu yake kuna nini?

Nauliza hivi kwa sababu ugonjwa wako una saa yake. Programu mbovu hukurudisha kwenye skrini au hutoa ujumbe. Kadi iliyokufa haikupi fremu 35 kwa robo saa. Lakini kitu kinachoanza vizuri, kikalegea pole pole, kikazima ghafla, kisha kikapona baada ya kikombe cha kahawa, hicho ni joto. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, ndiyo hizo fremu zinavyoanguka. Joto lisiposhuka hata hapo, bodi inakata stima kabisa.

Na hiyo saa nzima ya safari si uchawi. X-Plane fremu zikishuka chini ya 20 hivi inapunguza mwendo wa muda ndani ya gemu ili hesabu za ndege zisivurugike. Ukiwa na fremu 11, dakika yako ni karibu nusu dakika ya rubani.

MzeeWaSaiba

Mimi nina saiba, duka la intaneti, mwaka wa tisa na nasema ni stima. Jioni watu wote wanawasha mafeni na friji, umeme unanywea, kompyuta inakatika. Anunue UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, basi.

FundiMaweni

Mzee wangu, umeme ukinywea ungemzimia hata Malindi uwanjani kabla hajaruka. Huyu anazimikiwa pale pale kila siku. Ila sikatai UPS, nitaifikia.

NahodhaManda

Fundi, nimepima. Bila gemu digrii 61. Nilipofika Ngomeni 98, na hapo ndipo fremu zilipoanguka, kama ulivyosema.

Na kompyuta... imo ndani ya kidaka, lile shimo la ukutani la kuwekea vyombo. Kile kikubwa cha chini, cha ukuta wa ndani. Yaingia sawasawa kama iliyopimwa. Mama huifunika leso juu isiingie vumbi.

BintiMambrui

😂😂😂 Kidaka! Kidaka ni cha sahani za kichina na misahafu, nahodha!

Mtu_wa_Shela

Leso hiyo imeandikwa jina gani? Isije ikawa ndiyo iliyomfanyia haya.

FundiMaweni

Ahsante kwa ukweli. Umeifukia kwenye ukuta wa mawe. Ile hewa moto inayotoka nyuma inagonga ukuta, inazunguka, inaingia tena mbele. Inapumua pumzi yake. Itoe leo. Iweke mezani, nyuma iache nafasi ya shibiri moja angalau, na dirisha la baharini lisiielekee. Leso ya mama isitupwe: ifunike ikiwa imezimwa na imeshapoa. Ikiwa inafanya kazi, hata kitambaa cha hariri ni blanketi.

Halafu uifungue. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umalize umeme uliobaki ndani. Tumia blowa ndogo na brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Feni uizuie kwa kidole au penseli wakati unapuliza, isizunguke ovyo ikaharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji. Wala usiipeleke kwa wajaza matairi, kompresa ile hutema maji yaliyojikusanya ndani yake.

Sisi wa pwani adui yetu si vumbi peke yake, ni vumbi lenye chumvi. Chumvi huvuta unyevu, hivyo lile vumbi haliwi kavu kamwe, linashika kama ugoro uliolowa, na likikaa kwenye shaba linaleta kutu ya kijani. Meno ya RAM yafute kwa raba ya shule pole pole, ondoa makombo, rudisha.

Mwisho, toa kipoza joto juu ya prosesa. Kwa mashine ya mtumba nakuapia ile pesti ya katikati, ya kupitisha joto, imekauka kama chokaa. Ifute kwa spiriti ya isopropili, isiwe ile yenye mafuta ndani, kisha weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Watu huipaka kama siagi kwenye mkate. Siyo hivyo.

MzeeWaSaiba

Na UPS?

FundiMaweni

Na UPS, mzee, haki yako. Umeme wetu ni volti 240 kwa karatasi tu. Lakini nahodha, ukiona imeandikwa 650VA usidhani ni wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hivi. Kwa mashine yako ndogo na skrini yatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Printa usiichomeke hapo. Betri yake nayo haipendi joto, kwa hiyo na yenyewe isiingie kidakani!

BintiMambrui

Ukimaliza kusafisha, nenda setingi. Wewe unaruka juu ya bahari safari nzima, na kinachokula kadi ya picha kuliko vyote ni mwakisiko wa maji. Uweke chini kabisa, hutaona tofauti kubwa. Vivuli vya majengo zima. Idadi ya vitu vya ardhini ipunguze, hiyo inamla prosesa zaidi kuliko kadi. Kisha ruhusu X-Plane ionyeshe takwimu za fremu kwenye skrini: kuna muda wa prosesa na muda wa kadi. Ulio mkubwa ndio unaokuvuta nyuma, punguza upande huo tu. Mimi nilihangaika miezi na setingi za kadi, kumbe mkosaji ni prosesa.

NahodhaManda

Nduu zangu, nimerudi. Nimefungua jana baada ya alasiri.

Vumbi nililitegemea. Sikutegemea paka. Paka wetu hulala juu ya ile leso kwa ajili ya joto, na manyoya yake yameingia mote. Kipoza joto kilikuwa kimefungwa na kitu kama kofia ndogo ya sufi, ya kijivu, inata vidoleni. Nimeitoa kipande kimoja, mama akaishika akaiangalia, hakusema kitu, akaenda zake. Pesti kweli ilikuwa chokaa, ilidondoka vipande.

Sasa iko mezani. Bila gemu 43. Usiku nikaruka. Ngomeni 70. Kipini 72, fremu 34, feni haisikiki. Nikaivuka Kipini, nikaiona Manda, nikashusha flepu, mikono inatetemeka wallahi. Nikaingia juu sana, nikaula uwanja nusu, ikabidi nipae tena nizunguke juu ya mji. Mara ya pili nikaipiga chini ikadunda mara tatu. Lakini nimetua! Pale naegesha boti kila siku nimepaona kutoka juu.

Limebaki jambo moja dogo. Leo mchana nimewasha, nimeingia X-Plane saa sita za adhuhuri, nakuta Malindi ni usiku wa manane na nyota. Na saa ya kompyuta yasema ni mwaka 2009.

FundiMaweni

Hiyo ni betri ya bodi, CR2032, ile bapa kama sarafu. Ikifa, ukichomoa waya ukutani kompyuta inasahau saa na tarehe. X-Plane yako umeiambia ifuate saa ya kompyuta, imekutii tu. Na bila intaneti hakuna wa kuisahihisha. Badilisha betri, upande wa maandishi uwe juu, kisha weka tarehe. Usiposahihisha, hata kurasa za mtandao zitakukatalia kufunguka, zitasema vyeti si halali.

Mtu_wa_Shela

Kumbe tatizo halikuwa stima.

MzeeWaSaiba

Betri ni stima.

NahodhaManda

Nimeipata kwa fundi wa saa Langoni, shilingi 100. Nitaiweka jioni. Sasa naenda jeti ya boti, ndege ya Nairobi ishatua na abiria wananingoja.