Fumbo la sataranji: c8=R maana yake nini?

Katindo64 (Goma)
Ndugu zangu, jioni njema. Nimekwama kwenye fumbo hili. Weupe: mfalme b6, pioni c6. Weusi: mfalme a1, ngome d5. Weupe wanaanza na wanatakiwa kushinda. 1.c7 naiona, halafu ngome inapiga sheki (inamtishia mfalme) kutoka d6. Kutoka hapo kila ninachojaribu kinaishia sare. Jibu lililoko kwenye intaneti linaandika 6.c8=R. Pioni inageukaje kuwa mfalme? Na kwa nini mfalme asikimbilie b7 moja kwa moja?

NgomeYaKadutu (Bukavu)
Ndugu, hizo ni herufi za Kiingereza. Kwao R ni ngome, na mfalme ni K. Sisi tumezoea za Kifaransa: R mfalme, D malkia, T ngome; alama + ni sheki, x ni kula, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya weusi. Kwa hiyo soma c8=T. Mstari wote ni huu:

1.c7 Td6+ 2.Rb5 Td5+ 3.Rb4 Td4+ 4.Rb3 Td3+ 5.Rc2 Td4 6.c8=T Ta4 7.Rb3, weupe wanashinda.

Ukienda 2.Rb7, weusi wanacheza Td7. Pioni imebanwa kati ya ngome na mfalme wako, haiwezi kusogea. Ngome itajitoa kwa ile pioni na mtabaki wafalme wawili. Ukienda 2.Rc5, jibu ni Td1: ukigeuza malkia, Tc1+ inampiga mfalme, na malkia aliye nyuma yake kwenye safu ileile anapotea. Ndiyo sababu mfalme anashuka kwa safu ya b. Kwenye mstari huu anaingia safu ya c anapoifikia c2, maana hapo anaitisha ngome na d1 iko mikononi mwake.

Katindo64
Aksanti sana, sasa b7 nimeielewa. Lakini 5...Td4 ngome iko mbali na pioni. Malkia ana ubaya gani hapo?

Katuba_c7 (Lubumbashi)
Hapo ndipo penye utamu wote. Panga vipande mezani, usisome kwa macho tu. 6.c8=D, weusi wanajibu Tc4+. Ngome inajitoa kwa makusudi. Usipoikula, inamla malkia wako. Ukiila, 7.Dxc4, angalia nyumba tatu zinazomzunguka mfalme mweusi: b1 na b2 zimeshikwa na mfalme wako wa c2, na a2 imeshikwa na malkia kwa mshazari, c4–b3–a2. Hana sheki, hana pa kwenda. Pati, yaani sare.

Sasa weka ngome badala ya malkia. 6...Tc4+ 7.Txc4: ngome haina mshazari, a2 iko wazi, pati haipo. Mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake ni ushindi. Hata 6...Td2+ haisaidii, 7.Rxd2 na mfalme mweusi ana a2, b1, b2 zote.

Wakati huohuo unatisha Ta8, mati (mfalme ana sheki na hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha). Kinga ni moja tu, 6...Ta4. Ndipo 7.Rb3 inafanya kazi mbili: inaitisha ngome ya a4 na inatisha Tc1 mati. Weusi hawawezi kuziba yote mawili.

Fumbo lenyewe lilichapishwa Glasgow mwaka 1895 kama sare ya weusi. Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyekuwa anaishi huko, ndiye aliyeiona c8=T.

Katindo64
Na hatua ya nne, 4.Rc3 badala ya Rb3, je? Inaitisha ngome vilevile.

NgomeYaKadutu
Inafaa. 4.Rc3 Td1 5.Rc2 Td4, mmerudi palepale. Lakini hatua ya tatu usijaribu Rc4: Td1, na kutoka c4 mfalme hafiki c2 kwa hatua moja. Ukitaka kujipima, funika jibu, anza na mfalme b5, na kwa kila sheki sema kwa sauti ngome itaenda wapi ukikanyaga safu ya c.

Katuba_c7
Jambo moja kwa wanaocheza mashindano. Wengi wakikosa malkia wa pili wanapindua ngome chini juu. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, hiyo inahesabiwa ngome. Ukitaka malkia na hayupo mezani, simamisha saa umwombe mwamuzi akuletee.