Mrejesho: Wanafunzi wanaokariri fomula za takwimu

Wakuu, niliuliza hapa nifanyeje na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza chuoni, wanaokokotoa korelesheni (namba inayoonyesha vitu viwili vinaendana kiasi gani) vizuri lakini hawajui inasema nini. Mlinishauri GeoGebra, programu ya kuchora grafu, na yale makundi 4 ya data ya mwanatakwimu Anscombe ya mwaka 1973. Nimejaribu.

Kwanza niliwapa namba tupu. Kila kundi lina nukta 11, wastani wa x ni 9, wa y ni kama 7.5, korelesheni karibu 0.816. Wakasema yote ni yaleyale. Nikafungua grafu, darasa likalipuka! Moja limepinda kama upinde; jingine nukta 10 zimesimama wima kwenye x = 8, na moja iko peke yake kwenye 19. Nikawaachia waiburute hiyo ya pekee, mstari wa regresheni (ule unaochorwa kufuata mwelekeo wa nukta) ukaifuata kama mbuzi wa kamba. Hapo hata wa viti vya nyuma walisogea.

Projekta iligoma siku ya pili (ningeshangaa isingegoma), tukaendelea kwa simu, wanne wanne, bila bando kwa sababu programu walishaipakua.

Kwenye uthibitisho wa fomula bado nategemea chaki. Asanteni sana.