Kupanda milima ya Lushoto na watoto: tupeane uzoefu

BintiNgamiani: Leo nafua sweta la mwanangu, nikakuta mbegu za peasi mfukoni. Za Soni, mwaka jana! Tulifika Irente tu, ana miaka 5, alitembea mwenyewe kutoka Lushoto mjini. Sasa natamani kilele cha Magamba, na mapacha wa dada yangu, miaka 9. Waliopanda na watoto, nipeni ya kwenu.

MgosiSoni: Irente si kilele, ni ukingo. Bodaboda inafika. Magamba ndiyo mlima, zaidi ya mita 2,200.

BabaWawili: Mgosi, acha hizo. Mtoto wa pwani anatoka mjini kwa miguu, anasimama pale anaona mashamba ya mkonge ya Mazinde chini kabisa na nyika ya Umasaini mpaka macho yachoke, halafu umwambie hajapanda? Ila pale mshike mkono. Usimwachie hata kwa picha.

MgosiSoni: Sijasema hajapanda. Nimesema si kilele.

MamaTausi: Mapacha umenikumbusha. Magamba, mwezi wa saba. Njia yenyewe haina shida, msitu una kivuli, watoto wanahesabu mbega juu ya miti. Mwanangu, miaka 8, akatangulia na binamu yake. Ukungu ukashuka. Si ule wa kupita, ni ule unaoufanya mkono wako uwe mweupe. Binamu akarudi peke yake. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kila nikiita nasikia kama anaitika kushoto, mara kulia. Kijana anayetuongoza akanishika bega: "Mama, nyamaza kwanza." Akaokota fimbo akagonga shina, mara tatu, akatulia. Akagonga tena. Ndipo tukasikia kilio, nyuma yetu! Tulishampita. Alikuwa amekaa katikati ya mizizi ya mkulo, matone ya maji yamejipanga kwenye sweta lake jekundu kama shanga, hindi la kuchemsha mkononi hajalimaliza. Bibi yake alimwambia ukipotea kaa hapohapo. Nilimbeba mpaka chini, na ana kilo zake.

Kinyonga77: Mungu mkubwa. Nimesoma nimesimama.

BabaWawili: Pole sana mama. Kilele mlifika?

MamaTausi: Kilele cha nini tena, baba?

DerevaMombo: Mtoto ashuke garini na filimbi shingoni, basi. Na kabla ya mlima kuna kona za Mombo, kilomita 33 mpaka Lushoto. Msiwashibishe chai ya maziwa, nimefuta viti sana.

Kinyonga77: Ondokeni alfajiri, saa 12, kabla ukungu haujashuka.

MgosiSoni: Alfajiri ndiyo ukungu wenyewe. Subirini saa 4 ufunguke. Na masika msiende, utelezi.

ShangaziPongwe: Wangu alipanda na yeboyebo, akafika wa kwanza.

BabaWawili: Shangazi, usimdanganye mwenzio. Raba zenye meno, na soksi za akiba.

Kinyonga77: MamaTausi, mtoto anaendeleaje sasa?

MamaTausi: Yuko darasa la sita. Kila likizo anauliza tunarudi lini. Yeye, si mimi.

BintiNgamiani: Nimeitisha filimbi mbili, za mapacha.

DerevaMombo: Tatu. Na wewe uwe nayo.