Tupeane uzoefu: kliniki ya akili, mgonjwa aseme nini na daktari anadaiwa nini?

Mwana Mikindani
Msimu wa korosho umeanza, watu wanahamia mashambani na tarehe za kliniki zinapita. Naanza mimi. Ukienda kwa daktari, beba vidonge vilivyobaki na pakiti zake. Akivihesabu anajua dozi ngapi zimerukwa. Ukimwambia unameza zote ilhali unaruka, ataona dawa imeshindwa, ataongeza. Siku ukizimeza kweli zitakulaza. Naye kabla hajaandika dawa akwambie jina la ugonjwa, nafuu itaanza lini na maudhi ni yapi. Fluoksetini, dawa ya sonona, inataka wiki 2 hadi 4, na siku za mwanzo kichefuchefu na wasiwasi huweza kuzidi. Asiyeambiwa anaacha siku ya tano.

Newala Juu
Na jua! Klopromazini, dawa ya wanaosikia sauti au kuona yasiyokuwapo, inafanya ngozi iungue upesi. Mtu anaokota korosho saa saba mchana bila kofia wala shati la mikono mirefu, na hakuna aliyemwonya.

Muuguzi wa Pwani
Linalotisha kuliko yote ni shingo. Kijana kaanza haloperidoli, dawa nyingine ya aina hiyo, siku ya pili au ya tatu shingo inapinda, macho yanageukia juu, taya linakaza, ulimi unatoka, na akili yake inasikia kila kitu. Nyumbani wanasema jini limepanda, wanamshika miguu na kumsomea. Jamani, hiyo ni dawa imekaza misuli. Msimnyweshe kitu, atapaliwa. Mpelekeni kituoni usiku uleule na pakiti ya dawa mkononi. Sindano ya promethazini huilegeza, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kisha daktari apunguze dozi au aongeze benzeksoli, kidonge cha kuzuia misuli isikaze, miligramu 2. Familia ikionywa mapema haikimbii dawa.

Ng'apa
Kweli mama. Hiyo shingo imewapeleka wengi kwa mganga.

Fundi Masasi
Basi wote wapewe benzeksoli tangu siku ya kwanza!

Muuguzi wa Pwani
Hapana mwanangu. Inakausha mdomo, inafunga choo, wazee inawavuruga akili, na wapo vijana wanaitafuta wapate kulewa. Apewe anayeihitaji.

Fundi Masasi
Kituo kikiwa mbali saa nne za usiku, anayeihitaji ataipata wapi? Daktari alifikirie na hilo.

Bint Kilwa
Na mfungo je, kwa anayemeza lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi?

Mwana Mikindani
Asifunge kabla ya kuongea na daktari, dada. Mwili ukikauka lithiamu inapanda kwenye damu: mikono kutetemeka sana, kutapika, kuhara, kuyumba. Akiona hayo asimeze dozi inayofuata, aende hospitali. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, nayo huipandisha, kwa hiyo maumivu ya mgongo ayataje kliniki.

Bint Kilwa
Damu ya kupima kiwango cha lithiamu itolewe lini?

Mwana Mikindani
Saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Asubuhi asimeze mpaka atoke maabara.

Bint Kilwa
Basi dozi saa 2 usiku, maabara saa 2 asubuhi. Nimeelewa.