Kasi ya chakacha haipandi kidogo kidogo kwenye MuseScore

Mpiga udi, Lamu
Assalaam alaykum. Ninaandika nota za chakacha, kwa mdundo wa 6/8, kwa ajili ya vijana ninaowafundisha hapa Mkomani, nami natumia MuseScore 4, programu ya kompyuta ya kuandika na kupiga nota. Wimbo unaanza kwa mapigo 80 kwa dakika, na katika vipimo vinane vya mwisho, pale ngoma ya dumbaki inapowachochea wachezaji, nataka kasi ipande taratibu hadi 120. Nimeandika «accel.», yaani ongeza kasi, juu ya nota za fidla, lakini programu inapiga kwa mwendo ule ule, na nikiweka alama ya 120 mwishoni, kasi inaruka ghafla. Vijana hujifunza nyumbani kwa kuisikiliza kompyuta, na wanaloliskia ndilo wanalolipiga. Nifanyeje?

Mwalimu wa muziki, Malindi
Waalaykum salaam, Ustadh. Ikiwa neno hilo uliliandika kwa Ctrl+T, programu inalihesabu kuwa maandishi ya kusomwa tu. Lifute, kisha teua nota za vipimo vyote vinane, ufungue kundi la alama za kasi na ubofye «accel.» iliyo na mstari. Mstari huo ndio unaobeba amri: kasi hubadilika kuanzia unapoanza hadi unapoishia, na ukiwa wa kipimo kimoja, mabadiliko yote yatasongamana humo. Uteue, na katika paneli ya sifa uandike asilimia 150, kwa kuwa 120 ni moja na nusu ya 80. Hapo hapo huchaguliwa namna ya kupanda. Mimi ningechukua ile inayoanza polepole na kuchapuka mwishoni, kwani wapigaji wetu wa chakacha hawapandi kwa hatua zilizo sawa.

Mpenzi wa taarab, Lamu
Tazama pia alama ya kasi ya mwanzo. Pigo la 6/8 ni nota robo yenye nukta. Ukiandika 80 kwa nota robo isiyo na nukta, utasikia mapigo kama 53 tu, na hiyo asilimia 150 itakufikisha 80. Wenye toleo la 3 hawana mstari huu unaosikika, hivyo huweka alama ya kasi kila pigo na kuzificha kwa kubonyeza V.

Mpiga udi, Lamu
Shukrani. Sasa kasi inapanda vizuri. Je, niweke mstari mwengine kwa udi na dumbaki?

Mwalimu wa muziki, Malindi
La, mmoja unatawala ala zote. Ila mkirejea ubeti wa polepole baadaye, weka alama mpya ya 80 pale unapoanza, maana kasi hubaki mstari ulipoiacha.