Ushauri: nichanganyeje chachu ya laga na chachu pori kwenye bia ya nyumbani?

Kibo_Kaskazini
Wakuu habari za saa hizi. Niko Minnesota, napika bia nyumbani ya kunywa mwenyewe na jamaa wachache, siuzi, na sheria ya Marekani inaruhusu galoni 100 kwa mwaka ukiwa mtu mzima peke yako, mkiwa wawili na zaidi 200. Besimenti yangu saizi inasoma digrii 12 bila friji wala nini, ndo nikaona nipike laga, bia inayochachushwa kwenye baridi. Nina kimea cha pilsna, hopsi za Saaz (maua ya kutia uchungu) na chachu kavu ya laga, W-34/70. Sasa kuna hii chachu pori, Brettanomyces claussenii (Brett kwa kifupi), nimenunua kichupa kimoja, maana bia ya Orval ya Wabelgiji naipenda sana, ule ukavu wake na ile harufu ya ngozi na matunda. Swali langu, niziweke zote siku moja au nisubiri laga imalize? Na kwa hiyo baridi Brett itafanya kazi kweli? Ni lita 20, natarajia kuanzia graviti (kipimo cha sukari kwenye bia) ya 1.048. Nisaidieni kabla ya wikiendi.

Ndoo_ya_Kioo
Laga kwanza mkuu. Acha W-34/70 ifanye kazi yake hapo 12, graviti ikikaribia mwisho panda mpaka 17 hivi siku mbili tatu ile harufu ya siagi iishe, halafu ndo umwage Brett. Hata Orval wenyewe Brett inaingia mwishoni baada ya chachu ya kawaida, ingawa chachu yao ya mwanzo ni ya eli (bia ya kuchachushwa kwenye joto) sio laga. Baridi haiui Brett ila inaizubaisha, ikishaingia hamishia ndoo juu kwenye 20 hadi 24 na uwe na subira ya miezi.

MamaKimea
Mimi nitampinga kidogo hapo juu. Kuweka zote siku moja inawezekana kabisa, kwenye 12 laga itatawala tu na Brett itajificha ikisubiri zamu yake, na faida yake ni kwamba hufungui ndoo tena, maana hewa ndo adui mkubwa, Brett ikipata oksijeni nyingi inatengeneza siki. Ila kama unataka kuonja laga safi kabla hujaamua basi fuata njia yake. Na kimea ukiloweke kwenye digrii 68 au 69, usishuke sana, zibaki zile sukari ndefu ambazo laga haiwezi kuzila, ndo chakula cha Brett.

Msesewe
Niko Moshi, naomba kueleweshwa, hii si sawa na mbege tu? Sisi chachu hatununui, inatoka kwenye ndizi na vyombo na inachachuka yenyewe.

Ndoo_ya_Kioo
Undugu upo mkuu, ila kwenye mbege kuna chachu nyingi na bakteria pamoja na inanyweka baada ya siku chache. Hii ya jamaa ni aina mbili zinazojulikana, na zote zina historia ya Carlsberg, watengeneza bia wa pale Copenhagen. Mtaalamu wao Hansen alitenga chachu safi ya laga 1883, halafu mwingine, Claussen, 1904 akatangaza Brettanomyces, alikuwa ameikuta kwenye bia za Waingereza.

Chupa_Nene
Jamani mbona hakuna aliyemwambia habari ya chupa! Ndugu yangu hili ndo la kuogopa kuliko yote. Kila pointi moja ya graviti (yaani 0.001) ikishuka ndani ya chupa inatoa gesi karibu nusu ya ujazo wa bia. Ukifunga ikiwa 1.010 na Brett ikashusha mpaka 1.002 hizo pointi 8 ni gesi mara nne ya ujazo, juu ya ile iliyokuwemo, na chupa za kawaida zinapasuka, vioo vinaruka. Pima graviti kwa hidrometa, subiri mwezi, pima tena, isiposhuka kabisa ndo ufunge, na tumia chupa nene za shampeni.

Kibo_Kaskazini
Asanteni sana wote. Naenda na laga kwanza, Brett baadae, na chupa nene nitatafuta. Hii mipira ya kuhamishia bia na ndoo za plastiki nikishatumia Brett naweza kurudia kwenye bia ya kawaida?

MamaKimea
Usijaribu. Plastiki ikikwaruzika Brett inajificha humo hata usafishe vipi. Mipira, bomba na ndoo tenga seti yake kabisa uiwekee alama, chombo cha kioo au stenlesi ndo unaweza kukiosha ukarudia.