Shule zikifungwa ghafla, mwalimu amtafute mwanafunzi au angoje kengele?

Mzazi_wa_Wanne
Poleni na mafuriko, wadau wa Kenya. Shule zilikuwa zifunguliwe 29 Aprili 2024, zikasogezwa hadi 6 Mei, na Ijumaa Rais katwambia tungoje mpaka tutakapotangaziwa tena. Wangu wote wanne wako hapa sebuleni wanagombea rimoti. Sasa nauliza: shule ikifungwa kwa lazima namna hii, mwalimu ana wajibu wa kuwatafuta wanafunzi wake, hata kwa simu ya salamu tu? Au kazi yake inaishia getini? Nauliza kwa sababu ya Korona. Wangu wa pili alikuwa darasa la saba wakati ule, leo yuko kidato cha tatu. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021 hakuna mwalimu aliyeuliza kama yu hai. Mwaka huohuo mbwa wetu alipotea siku mbili, mtaa mzima ukatoka kumtafuta.

ChakiNyeupe
Mimi ni mwalimu, mwaka wa 19 sasa, kaunti ya Kilifi. Nilitaka kukujibu kwa adabu lakini hapo kwenye mbwa umeniudhi. Ndiyo tumefika mahali mwalimu analinganishwa na mbwa?

Wakili_wa_Kijiweni
Mwalimu, soma swali kabla ya kujibu, si ndivyo mnavyotufundisha? Hakukulinganisha wewe na mbwa. Kamlinganisha mtoto wake.

Mzazi_wa_Wanne
Ahsante kwa kunitetea, Wakili, ila sasa wewe ndiye umenitukania mtoto.

Korosho_Kavu
Mbwa mwacheni. Tuseme ukweli: mwalimu wa TSC, yaani aliyeajiriwa na tume ya serikali ya walimu, alilipwa kila mwezi tangu shule zifungwe Aprili mpaka zikafunguliwa, na chaki hakuishika. Miezi kumi ya likizo yenye mshahara. Hata wabunge hawajawahi kujipangia hiyo.

ChakiNyeupe
Kwanza hazikufungwa Aprili. Tangazo lilitoka Jumapili, 15 Machi. Za kutwa zikafungwa Jumatatu, za bweni zikapewa mpaka Jumatano. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa zamu, nikalala shuleni siku tatu nikingoja wazazi waje kuchukua watoto wao. Pili, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, na walimu tuliitwa mwisho wa Septemba. Hiyo miezi kumi umeiokota wapi? Tatu, kuanzia 8 Aprili Kilifi, Kwale na Mombasa hakuna kutoka wala kuingia, Kilifi na Kwale mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai. Mwenzangu alikuwa kwao Kitui, wanafunzi wake wako Ganze. Awafuate kwa ungo?

Korosho_Kavu
Simu zimeshavumbuliwa, Mwalimu.

ChakiNyeupe
Na vocha alivumbua nani? Nilikuwa na wanafunzi 58. Piga hesabu ya dakika tano kila mmoja, kila wiki, halafu uniambie ni ofisi gani ilikuwa inarudisha hizo pesa. Nilikopa Okoa Jahazi, ule mkopo wa vocha wa Safaricom, mpaka jahazi lenyewe likakataa kuniokoa.

MamaMboga_Msomi
Nilikuwa nimenyamaza ila mnaongea kana kwamba walimu wote ni wa TSC. Mimi nilikuwa shule ya binafsi, darasa la sita. Mshahara wa Machi tulipewa nusu. Wa Aprili tukapata ujumbe wa kututakia afya njema. Nikaanza kuuza sukuma na nyanya mbele ya nyumba, na jina hili mnaloliona lilianzia hapo.

Bado niliwatafuta watoto. Utakatifu sina, kuna mmoja aliacha daftari lake la insha kwangu na nilitaka ajue kwamba nimelisoma. Rejista nilikuwa nayo nyumbani, majina 41. Namba za wazazi: tisa hazipatikani kabisa, sita zilipokewa na watu wasiomjua huyo mtoto, moja ilikuwa ya mwenye nyumba aliyewahamisha. Wakabaki 25. Nikawaundia grupu la WhatsApp, wakaingia 14. Mnajua waliingia akina nani? Walewale wanaokaa mbele na kunyoosha mkono. Yule ambaye bila kushikwa ataanguka, kwao hakuna namba, au simu iko mfukoni kwa baba hadi saa tatu usiku, ikirudi haina chaji.

Hao niliwapata kwa njia nyingine. Mwenye duka anawajua, mama anayeuza maji anawajua, kijana wa boda anajua kila mlango. Naandika maswali matatu kwenye karatasi, naacha dukani, mtoto akitumwa unga anaondoka nayo, kesho yake analeta majibu akija kununua chumvi. Ndiyo maana hili la wajibu wa kupiga simu naliona limeshika njia isiyofika. Mlazimishe mwalimu apige, atawapigia wanaopokea, atajaza fomu kwamba kapiga, na asiyepatikana atazidi kupotea, safari hii akiwa na tiki mbele ya jina lake.

Korosho_Kavu
Shule za binafsi tena? Si ndizo zilizogeuza madarasa mabanda? Kuna moja kule Mwea niliiona kwenye habari, ubao uko ukutani na kuku wamejaa chini.

MamaMboga_Msomi
Katika yote niliyoandika umeona kuku.

Mzee_Kibarani
Mnaisahau redio. KICD, wale wa taasisi ya mitaala, walikuwa na vipindi vyao KBC, redio ya taifa, na mjukuu wangu alikuwa hakosi. Mwalimu wa redioni anauliza swali, ananyamaza kidogo, mtoto anajibu kwa sauti, kisha redio inasema "vizuri sana!" Anajibu saba mara nane ni arobaini na tatu, "vizuri sana!" Nilimwambia bibi yake, huyu akirudi shule atashangaa kukuta kuna kukosea.

Korosho_Kavu
Na yale maputo ya Google, Mzee? Tuliambiwa yataelea juu yateremshe intaneti.

Mzazi_wa_Wanne
Yalielea kweli, hata huku Nakuru tulikuwa ndani. Yalianza Julai 2020, na Januari iliyofuata wenye nayo wakatangaza wanafunga biashara. Kwa hiyo hata puto lilipotea kabla mwalimu hajapiga simu.

Mkwaju_Tanga
Majirani, poleni na mvua. Huku Tanzania nako kimbunga Hidaya kimetupitia juzi, kwa hiyo siwacheki. Ila wakuu, jambo hili mlilikuza wenyewe. Kwetu shule zilifungwa 17 Machi, vyuo na kidato cha sita wakarudi 1 Juni, wengine wote 29 Juni. Mtoto kashika kiswaswadu cha bibi anacheza mchezo wa nyoka, kabla hajauchoka kengele imelia. Nyie mkatangaza kufuta mwaka mzima, halafu leo mnamkamata mwalimu shati.

Wakili_wa_Kijiweni
Kiswaswadu ndiyo nini?

Mkwaju_Tanga
Simu ndogo ya vitufe, kaka. Wengine huita kitochi.

Wakili_wa_Kijiweni
Hiyo ni mulika mwizi, bwana! Ina tochi, inamulika, mwizi anaonekana. Jina linajieleza lenyewe. Kiswaswadu ni kama dawa ya minyoo.

Mzee_Kibarani
Jina lenu limepitwa na wakati, Wakili. Siku hizi mwizi akikupora akaona ni hiyo, anakurudishia na kukupa pole.

Korosho_Kavu
Mlirudi Juni kwa kuwa mliacha kuhesabu wagonjwa. Mlifika 509, mwanzoni mwa Mei, mkafunga daftari.

Mkwaju_Tanga
Nilijua tu utafika huko. Umeulizwa shule, umejibu hospitali. Haya, Uganda walihesabu vizuri, wakafunga, wakafungua kidogokidogo, wakafunga tena Juni 2021, mpaka 10 Januari 2022 ndipo watoto wote wakarudi. Karibu miaka miwili. Waulizeni wao walipata nini cha zaidi.

Mjukuu_wa_Kasese
Msitutumie kama mfano ubaoni, tafadhali. Mdogo wangu shule zilifungwa yuko kidato cha tatu. Zilipofunguliwa alikuwa anakaanga chapati na ana wateja wake wa kudumu, mmoja wao ni mwalimu wake wa Jiografia. Walikuwa wanaonana kila asubuhi. Kama mnatafuta mwalimu aliyedumisha mawasiliano na mwanafunzi, huyo hapo.

Mzazi_wa_Wanne
Jamani, mimi niliuliza wajibu wa mwalimu. Nimepewa kuku, puto, nyoka na chapati.

BintiMalindi
Mzazi, mimi nitakujibu kutoka upande wa wanafunzi. 2020 nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anapiga. Simu ni ya baba, na alikuwa anapiga saa mbili usiku kwa sababu mchana baba anatoka nayo. Anauliza nimefanya maswali mangapi na lipi limenishinda, basi. Siku moja baba akaichukua simu akamwambia: ukipiga tena, piga mchana, na uzungumze na mimi kwanza. Hakupiga tena. Mpaka leo sijui ni nani alimkosea mwenziwe. Hesabu nilipata D.

ChakiNyeupe
Haya sasa! Hilo ndilo mnalotaka tulazimishwe. Mwalimu mwanamume akimpigia binti ni mshukiwa, asipompigia ni mla mshahara wa bure. Mchague moja mtuambie.

Shangazi_wa_Taveta
Mwenye nia safi angesema hewala mzee, kesho nitapiga mchana. Kwa nini alikata mguu?

ChakiNyeupe
Mwenye nia safi pia ana haya, Shangazi. Ukishaambiwa hivyo na mzazi wa mtoto unajua umeshajadiliwa mle ndani. Na mchana baba anatoka na simu, binti mwenyewe ameeleza. Angezungumza na nani, na konda?

Shangazi_wa_Taveta
Haya yake yamemlipisha binti D. Na wale wasichana elfu nne wa Machakos waliopachikwa mimba shule zikiwa zimefungwa, nao waliponzwa na haya ya nani?

Wakili_wa_Kijiweni
Shangazi, taratibu. Hesabu ile ya Machakos ilianza Januari 2020, shule ziko wazi na kengele zinalia, ikaishia Mei. Na ilijumlisha hadi wa miaka 19. Watu walisoma kichwa cha habari wakakunja gazeti.

Shangazi_wa_Taveta
Kwa hiyo tukitoa wa Januari na Februari ndiyo imekuwa afadhali?

Wakili_wa_Kijiweni
Sijasema hivyo.

Shangazi_wa_Taveta
Umekuja kuwahesabu wasichana kama magunia ya mahindi, unatwambia debe mbili zimezidi.

Wakili_wa_Kijiweni
Nimesahihisha tarehe! Kusahihisha tarehe kumekuwa dhambi?

BintiMalindi
Mimi sikusema mwalimu alikuwa na nia mbaya. Naomba mniondoe humo, wote.

MamaMboga_Msomi
Mwanangu, usivunjike moyo, umesema jambo la maana kuliko wengi humu. Mimi sikuzungumza na mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume, kabla ya kumsalimia mkubwa wa nyumba. Napiga hodi kwanza, hata kama ni kwa simu. Habari za hapo mama, ni mwalimu wa fulani, naomba uweke spika unisikie namuuliza nini. Kuna bibi mmoja alizoea hata akawa anajibu maswali ya Sayansi kabla ya mjukuu. Huyo mwalimu wa hesabu angeanza hivyo wiki ya kwanza, baba asingekuwa na la kusema wiki ya tano. Lakini pia nani alimfundisha? Chuoni tulifundishwa kupanga vipindi na kuandika ubaoni. Kuingia nyumbani kwa mtu bila kuonekana hatukufundishwa.

Korosho_Kavu
Mama Mboga, nyanya unauzaje sasa hivi? Huku mvua imezipandisha, hazishikiki.

MamaMboga_Msomi
Tatu hamsini. Na ni ndogo.

ChakiNyeupe
Nimerudi kusoma alichoandika Mama Mboga kule mwanzo, kuhusu karatasi za dukani. Ni kweli, na inaniuma. Kati ya wale 58 wangu kuna mvulana mmoja ambaye kila nikipiga namba ya kwao napata "mteja hapatikani". Nilipiga kama mara nne, nikaacha. Tuliporudi Januari hakuja. Nikaambiwa yuko Takaungu anavua na mjomba wake. Hapo mahali na shuleni ni safari ya boda tu.

Korosho_Kavu
Kwa hiyo hukumtafuta.

ChakiNyeupe
Nimesema mara nne, Korosho. Wewe mwaka ule ulimpigia mtoto wa nani?

Korosho_Kavu
Mimi sikuwa nalipwa kwa kazi hiyo.

ChakiNyeupe
Na Mama Mboga alilipwa na nani?

Mkwaju_Tanga
Hapo Korosho umekaangwa, na ukakauka zaidi.

Mzazi_wa_Wanne
Wadau, tangazo limetoka: Jumatatu tarehe 13 shule zinafunguliwa. Mwalimu, mimi na wewe tusilale na kinyongo. Lile la mbwa lilinitoka kwa hasira.

ChakiNyeupe
Yameisha. Ila nikuulize: huyo wako wa kidato cha tatu, namba ya mwalimu wake wa darasa unayo?

Mzazi_wa_Wanne
...Sina. Nina ya bwana fedha.

ChakiNyeupe
Basi Jumatatu ukimpeleka ichukue. Na umwachie yako, ile inayopokewa.

Shangazi_wa_Taveta
Na mbwa je, alipatikana?

Mzazi_wa_Wanne
Alirudi mwenyewe usiku, akakuta sote tuko nje tunamtafuta.

Mzee_Kibarani
Kuna anayejua kama basi linapita Garsen kwa sasa? Mjukuu wangu anasoma bweni Lamu, na sanduku lake limekaa mlangoni tangu 28 Aprili.